Mrundi wa Murungu

Immakulata alikuwa ameikalia mikono yake.

Kwao Murungu mwanamke hamsalimii mtu mzima mikono ikiwa imelala. Anainama kidogo, anapiga makofi polepole, huku maneno ya salamu yakienda na kurudi mpaka yaishe yote. Mikono iliyolelewa hivyo ina mazoea yake, haingoji kutumwa. Na hapa, ndani ya hema la kupokea wakimbizi mpakani, mwezi wa tano mwaka 2015, yeyote anayewajua Waha wa Kigoma angeyasikia makofi hayo na kumwambia, mama, inuka urudi kwako. Basi aliikalia kwenye benchi mpaka ikafa ganzi.

Chini, karibu na miguu yake, Pasikali mumewe alikuwa amelala ndani ya ingobyi, machela ya fito na kamba ambayo watu wa huku, upande huu wa mpaka na ule, hubebea wagonjwa mabegani. Ndugu walioibeba kipande cha mwisho cha njia walikuwa wameitua nje ya hema kisha wakaondoka bila kuaga, maana kuaga kungezua maswali.

Karani aliuliza kwa Kiswahili. Mkalimani akageuza kwa Kirundi. Immakulata alijibu kwa Kiha, akikipinda hapa na pale kifanane na Kirundi, kwani lugha hizi ni mtu na mdogo wake, zikigombana ni kwa mambo madogo. Ametoka wapi? Ruyigi, Burundi. Amekimbia nini? Vijana wenye silaha. Nani ameuawa? Akasema kaka. Hakuwahi kuwa na kaka, na alipolisema neno hilo aliona haya usoni, akainamisha kichwa, karani akadhani ni msiba.

Mkalimani hakudanganyika. Alikuwa mama mtu mzima, Pascasie kwa jina, mkimbizi wa siku nyingi aliyebaki Tanzania tangu vita vya awali. Alimtazama Immakulata, akaitazama benchi, akaiona mikono ilivyofichwa. Akamwinamia kama anayemfariji, akamwambia kwa sauti ya chini aendelee kuikalia vivyo hivyo. Kisha akamgeukia karani, akasema huyu ni wa Ruyigi mtupu, hata lafudhi inamtambulisha.

Wakabandikwa vidole kwenye kioo, wakapigwa picha. Pasikali akaandikishwa Sylvestre. Alipoulizwa kama hilo ndilo jina lake, aliitikia kwa kichwa akiwa ameyafumba macho.

Mtu atauliza, Mtanzania mwenye shamba na nyumba ya bati anautafutaje ukimbizi? Aulize kwanza mgongo wa Pasikali.

Pasikali alikuwa mtu wa baiskeli. Si kuipanda, kuisukuma: mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, kushoto na kulia, kutoka Murungu mpaka sokoni Kibondo, kilima baada ya kilima. Mwanamume wa miguu, akichekwa na wenzake kwamba mapaja yake yanakula kitambaa cha watu wawili. Mgongo ulipoanza kumuuma akasema ni ndizi. Kikatokea kinundu katikati ya uti, akasema ni uzee. Ilipofika siku baiskeli ikamlalia njiani na miguu ikakataa kumwinua, hakuwa tena na cha kusingizia.

Dakta Gharibu wa kituo cha afya alimlaza, akamchoma nyayo na ncha ya sindano, akaitazama picha ya eksirei dirishani. Akasema ni kifua kikuu. Immakulata akamwambia mume wake hakohoi. Gharibu akamweleza taratibu kwamba ugonjwa huu haukai kifuani tu, huu wake umekula pingili za mgongo, usaha na mfupa uliobomoka vinaubana uti ndani. Dawa atapewa na zitaua wadudu, lakini mbano hauondolewi kwa vidonge. Lazima mgongo ufunguliwe.

"Vidole vyake vya miguu bado vinacheza," alisema. "Maadamu vinacheza, mpasuaji ana kitu cha kuokoa. Vikinyamaza, hata umpeleke Ulaya."

Na mpasuaji huyo yuko wapi? Mkoa mzima wa Kigoma hakuwepo hata mmoja wa kazi hiyo. Alikuwepo Mwanza, safari ambayo mtu mzima wa afya huifanya kwa kuvumilia, na huko foleni ni ya miezi, na vyuma vya kuushikilia mgongo mgonjwa anajinunulia. Gharibu mwenyewe alilisema hilo akitazama pembeni. Kisha akasema liko tumaini moja. Wapo wapasuaji wa kujitolea wanaokuja mara chache kwenye hospitali ya misheni upande wa Kasulu, wanapasua na kuwafundisha madaktari wa hapa. Hajui watakuja lini. Ila jina la Pasikali ataliweka mbele, na wakifika atapiga simu.

"Shika hii simu kama mboni ya jicho," akamwambia Immakulata. "Laini isifungwe."

Akaishika. Alilala nayo kwenye kanga, akaipeleka kuchajiwa dukani kwa Mwajabu, mfanyabiashara wa vitenge Kibondo aliyezoea kununua ndizi za Pasikali. Simu ikalia kwa misiba, kwa harusi, kwa matangazo ya vocha. Gharibu hakupiga. Asubuhi, kabla ya uji, Immakulata alifunua shuka akasema, cheza. Pasikali alivichezesha vidole. Mwanzoni vyote. Baadaye vya kushoto vikawa vinasitasita.

Ndipo likaja lile neno la sokoni. Mkimbizi mmoja wa Kikongo, mtoto wake alikuwa na jipu kichwani, akachukuliwa kambini na gari jeupe mpaka Mwanza, akapasuliwa, akarudishwa anacheka. Kila mtu alikuwa na yake ya kuongeza. Mkimbizi akiugua anapelekwa, mwananchi akiugua anaambiwa akajipange. Yalikuwa maneno ya vijiweni, nusu kweli na nusu wivu, lakini mfa maji haulizi jani limetoka mti gani.

Pasikali hakutaka. Maisha yake yote, akifika kwenye kizuizi cha barabarani na ndizi zake, alikuwa akisimamishwa na kuulizwa, wewe Mrundi wewe? Aliwahi kushinda kutwa juani akithibitisha kwamba babu yake kazikwa Murungu. Sasa aende mwenyewe akaseme ndiyo, mimi Mrundi?

"Umeitwa Mrundi bure miaka yote," Immakulata alimwambia. "Safari hii uitwe kwa faida."

Watoto wakaachwa kwa mama mkwe. Kadi za kupigia kura zikaachwa huko huko, chini ya gunia la maharage. Na walipokaribia hema la mpakani, wakaona wanaoingia wanapekuliwa mizigo. Immakulata akaitazama simu. Ndani yake yalikuwamo majina ya Murungu yote, na namba ya Dakta Gharibu. Akaitoa laini, akaivunja kwa meno, akaitema kwenye shimo la choo. Hilo ndilo kosa lake. La kaka wa uongo hata Mungu angemsamehe.

Kambini walipewa hema, ndoo, blanketi na majirani. Dawa za kifua kikuu Pasikali aliendelea kupewa, kwa hilo hawawezi kulalamika. Lakini gari jeupe? Daktari wa pale, kijana aliyevimba macho kwa kukosa usingizi, aliuchunguza mgongo akasema maneno yale yale ya Gharibu. Akapeleka shauri kwenye kamati ya rufaa. Kamati ikakaa. Watu walikuwa wakimiminika kwa mabasi kutwa, kipindupindu kilikuwa kimewaua wengi huko walikotokea, na mafuta ya magari yalikuwa ya kipindupindu. Jibu likarudi kwamba mgonjwa wa namna hii hana matarajio mazuri, waanze kuokolewa wenye matarajio.

Immakulata akauliza, matarajio ndiyo nini? Daktari akasema ni kukadiria kama mtu atapona.

"Si atapona akipasuliwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapasuliwi kwa sababu hatapona?"

Kijana yule aliinamia dawati akaanza kuandika kitu, na kalamu haikuwa na wino.

Asubuhi ndani ya hema iliendelea kuwa ile ile. Cheza. Pasikali, ambaye uchungu ulimwongezea mzaha badala ya kumpunguzia, alikuwa akitazama miguu yake na kutoa taarifa: huyu mkubwa bado raia, yupo, hawa wadogo wamekimbia, sijui wameandikishwa wapi. Immakulata alicheka ili asimvunje moyo, kisha alitoka nje kuteka maji na kulilia kwenye foleni, ambako kila mtu alikuwa na sababu zake na hapakuwa na wa kumuuliza.

Mvua za kwanza zilikuwa bado hazijaanza siku alipokutana na Mwajabu. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa wakija kuuza kwenye soko la kambi, na Mwajabu alikuwa amekuja na furushi lake la vitenge. Immakulata alijaribu kujificha nyuma ya muuza dagaa. Alichelewa.

"Mke wa Pasikali!" Mwajabu aliacha wateja wake. "Ya Rabi, nyinyi si mnatafutwa dunia nzima!"

Akamvuta kando, akamweleza kwa pupa. Wapasuaji wamefika Kasulu. Gharibu amepiga simu mpaka amechoka, akaenda Murungu mwenyewe na pikipiki, mama mkwe akamwambia hajui walikokwenda. Juzi limetangazwa redioni, Pasikali wa Murungu, mgonjwa wa mgongo, popote alipo afike hospitali ya misheni, kitanda chake kipo. Wageni wanaondoka Jumamosi. Leo Jumatano.

Immakulata alikaa chini pale pale vumbini. Kisha akamshika Mwajabu mkono, akamwomba amwambie Gharibu wapo hapa, aje na gari, na yeye anakwenda kwa mkubwa wa kambi kusema ukweli.

Afisa wa makazi, ndiye mkuu wa kambi, alikuwa mtu wa pwani, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi hata kwenye vumbi lile. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kompyuta, picha ya Immakulata ikatokea, macho yameinama.

"Mwezi wa tano uliniapia wewe Mrundi wa Ruyigi," akasema. "Leo waniapia u Mtanzania. Kesho utakuwa Mkongo?"

"Mimi Muha, mzee. Wa Murungu. Nilidanganya kwa sababu ya mume wangu."

"Mtanzania hakimbilii Tanzania, bibi."

Akamweleza kwamba kila wiki wanamjia watu wakisema wao ni Waha, wanataka kutoka wakalime, wakauze, wakapotelee mijini. Kiha na Kirundi yeye havitofautishi. Immakulata, asijue afanye nini tena, akainama akampigia makofi, salamu nzima ya kwao, pamoja na maneno yake yote, ya kuulizia nyumba na mifugo na waliolala na walioamka. Mtu yeyote wa Kibondo angejua. Afisa akamtazama, akadhani anabembelezwa, akainua kiganja kumzuia.

"Sikia nikwambie kama ndugu. Ukweli wako ukithibitika, umedanganya serikali na mashirika, hiyo ni jela. Usipothibitika, wewe ni mkimbizi na mkimbizi hatoki bila kibali. Ningekuwa wewe ningenyamaza."

"Nifunge," akasema Immakulata. "Nifunge mimi, yeye mtoe."

"Siwezi kumtoa mtu ambaye hayupo. Hapa kwangu hakuna Pasikali."

Alhamisi mchana Gharibu alifika getini na gari la misheni. Alikuwa hajanyoa na viatu vyake vilijaa vumbi la njia. Akasema anamfahamu mgonjwa, amemtibu mwenyewe, mgonjwa ni Mtanzania na kitanda kinamngoja, saa chache tu za kazi. Afisa akamheshimu, akamwita dakta, akampa kiti. Akasema kadi ya kura hata Mrundi huipata kwa pesa, neno la daktari ni la ugonjwa, neno la uraia ni la mwenyekiti wa kijiji. Wampigie. Mwenyekiti akikiri hata kwa mdomo, yeye atatoa kibali kwa dhamana yake mwenyewe na barua itafuata.

Basi wakampigia Khatibu, mwenyekiti wa kijiji, simu ikawekwa sauti ya juu mezani. Khatibu ndiye aliyesimama kwenye harusi yao. Aliwahi kuazima ile baiskeli ya ndizi na kuirudisha bila breki. Immakulata aliisikia sauti yake akaanza kutokwa na machozi ya shukrani kabla hajasema lolote.

Afisa akajitambulisha kwa cheo chake kamili. Akauliza kama kijijini kwake yupo raia aitwaye Pasikali, ambaye sasa anaonekana kuandikishwa ukimbizi.

Upande ule wa simu ng'ombe alilia. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na watu wa uhamiaji walikuwa wamepita vijijini kuwaonya wenyeviti: atakayemkingia kifua Mrundi atajibu yeye. Khatibu alikuwa na wake zake, watoto wake, na kiti chake.

"Huyo alihama," akasema hatimaye. "Hapa kwangu hayupo. Mimi siwezi kusema ni raia, wala siwezi kusema si raia. Niandikieni barua, nitalipeleka kwenye kikao."

"Khatibu!" Immakulata aliiinamia simu. "Ni mimi, Immakulata. Sema tu unanijua."

Simu ikakatika. Walipoipiga tena ilikuwa imezimwa.

Gharibu aligombana pale getini mpaka jioni. Alitukana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, kisha akaomba radhi, kisha akaomba tena kibali. Mwisho akaingia kambini kwa miguu, akakaa kando ya mgonjwa ndani ya hema, akafunua shuka. Hakuwa na sindano, akatumia mwiba. Pasikali alikuwa akimtazama usoni muda wote, akiusoma uso huo kwa kuwa miguu haikumwambia kitu. Kidole kimoja, kile kikubwa cha kulia, kilitikisika kidogo. Gharibu akasema kesho alfajiri atajaribu kwa mkuu wa wilaya.

Kwa mkuu wa wilaya walimwambia yuko kwenye kampeni. Ijumaa hiyo kitanda kilipewa mgonjwa mwingine, mwanamke aliyeangukiwa na ukuta wa matofali, na hakuna wa kumlaumu huyo, naye alikuwa na uti wake. Jumamosi wapasuaji wakaondoka. Barua ya kuuliza uraia iliandikwa, ikaenda Kibondo, kutoka Kibondo ikaenda Kigoma, na huko ikakaa. Immakulata hakufungwa. Hakuna aliyemfungulia hata jalada la kumfunga.

Kidole kile kilinyamaza kabla ya mvua. Asubuhi moja Immakulata alifunua shuka kama kawaida, na Pasikali akamwambia asiulize tena. Akamfunika.

Kisha, ajabu ya dunia, kitu kimoja kikaja upesi. Mtu wa shirika alipita kwenye mahema akiuliza walemavu wangapi, akawapima kwa futi, na haukupita muda lori likashusha viti vya magurudumu, vipya, vimefungwa kwa nailoni. Ikapangwa siku ya kukabidhi. Wageni wakaja na fulana za kufanana, bango likatundikwa, maspika yakapiga muziki. Afisa wa makazi alikuwepo, shati limepigwa pasi. Alimwona Immakulata, akamwitikia kwa heshima kama mtu anayemfahamu.

Wakaita Sylvestre. Wakaita tena. Pascasie, yule mkalimani, akaja mwenyewe mpaka alipo Pasikali, akamwinamia, akamwambia kwa upole ni wewe, baba. Vijana wakamwinua, wakamkalisha. Alikuwa amekonda, kiti kikawa kikubwa kwake, na yale mapaja yaliyokuwa yakichekwa sasa yalipwaya ndani ya kitambaa cha mtu mmoja.

Mpiga picha, kijana wa Dar mwenye kofia imegeuzwa nyuma, akapiga moja, akaitazama, akatikisa kichwa. Miguu ilikuwa inateleza kwenye vibati vya kuwekea nyayo, inaning'inia upande, picha inaharibika. Akaomba mtu aishike.

"Mama, wewe hapo. Shika, halafu jibane nyuma ya tairi. Usionekane kwenye picha."

Immakulata akapiga magoti nyuma ya gurudumu. Akapitisha mikono chini ya kiti, akaishika miguu ya mumewe kwenye vifundo, akaiweka sawa, akaikandamiza vibatini kwa nguvu zake zote. Ilikuwa baridi. Mgeni mmoja akasogea, akaweka mkono begani kwa Pasikali na kutazama mbele. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akasema poa, poa kabisa, broo cheka kidogo.

Pasikali, uso ukiwa kwenye kamera, akauliza kwa Kiha bila kugeuka, "Umeshaishika?"

"Nimeishika," akasema Immakulata kutoka chini. "Nimeishika muda mrefu."

"Moja zaidi," akasema mpiga picha.